Mawe ya Dereva wa Tingatinga

Dereva wa tingatinga, yuleyule aliyeunyoosha mto ili magogo yapite, sasa huurudishia mawe kwa mikono. Kila jiwe huligeuza, hulisugua kwa kiganja chenye sugu, kisha huwauliza wanakijiji wenzake wanaobeba mawe pamoja naye, "Redio imesemaje, mvua?" Nao humjibu bila kuinua vichwa. Oktoba, samaki wa kwanza aina ya trauti alitaga kwenye changarawe aliyoimwaga dereva. Aprili theluji ikayeyuka, na tope likashuka kutoka mitaro ya msituni. Jirani yake, Helvi, alimkuta majini hadi kiunoni, akipepea maji kwa kofia ili tope lisiyafunike mayai.

"Toka, jirani, utaganda."

"Yatakosa hewa."

Dereva akaokota yai moja, akaliinua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na macho mawili meusi.

"Lirudishe wewe, Helvi," alisema kwa sauti ndogo. "Mikono hii siiamini."