Mfungaji Bora wa Daraja la Pili

Jumamosi nilipanda basi la Woolwich kwenda Lewisham, hapa London, nikakaa nyuma ya mjumbe wa kamati ya ligi yetu ya mpira ya Jumapili. Pembeni yake alikaa bwana mwenye sare ya hospitali.

"Hongera, sheikh," mjumbe alimwambia, akigonga karatasi kwa kidole. "Umechaguliwa timu ya nyota wa daraja la pili. Mwaka huu hatuangalii sura wala ujamaa, tunaangalia takwimu. Hakuna aliyefunga kama wewe."

Bwana yule alifungua kifungo cha kola, akakifunga tena.

"Kaka, mimi sijacheza hata mechi moja. Jumapili zote niko shift. Nilimwazima shemeji yangu jina langu, alichelewa kujiandikisha."

"Jina la shemeji yako limo humu?"

"Halimo."

"Basi hajafunga kitu." Mjumbe alikunja karatasi. "Uje na buti."

Wachezaji wenzangu, mmekuwa mkilalamika kwamba ligi yetu inachagua watu kwa kujuana. Nawahakikishia jambo hilo limekwisha.

Basi lilipita vituo viwili. Kisha mfungaji bora akamwinamia mjumbe, akashusha sauti.

"Kwani nimefunga mangapi?"