Bolti Iliyokatikia Kwenye Mashine ya Dada

Niliporudi kutoka Bulgaria na diploma ya ufundi mitambo, katika kijiji chetu nje ya Kagongwa hapakuwa na mtu mwingine mwenye cheti cha namna hiyo. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna aliyenibeba. Baba alichunga ng'ombe wa watu. Nilianza shule kwa kuchuma pamba kwenye mashamba ya wengine, na lugha ya kule nilijifunza huku nikisafisha vyombo bwenini. Basi dada yangu alipofiwa na mumewe, hakuwaza fundi mwingine wa kumfufulia mashine ya kusaga. Aliniita mimi.

Ilikuwa injini ya dizeli ya silinda moja, inayozungusha kinu kwa mkanda. Ilikufa wakati marehemu yuko kitandani. Mali ilihesabiwa kuwa ya mume, lakini aliyesimama nayo kila siku, nywele nyeupe kwa unga, alikuwa dada. Kwa desturi yetu, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa wamelipwa wote, kilichomo ndani ya nyumba ile kilikuwa cha ukoo wa mume. Siku ya kumaliza msiba wazee wa ukoo wangekaa na kugawa, na dada alitaka kitu kimoja tu.

"Wakifika wakaikuta inasaga," aliniambia, "wakala ugali wa unga wake, wataona ninaiweza. Wataniachia."

Niliona amefikiri vizuri. Hata mimi niliamini kwamba kitu kinachofanya kazi hujitetea chenyewe.

Hitilafu niliijua kabla sijashika spana. Injini ilikuwa ikivuja mvuke pembeni ya silinda hedi, maana yake gasketi, lile bapa linaloziba kati ya hedi na bloku, ilikuwa haizibi tena. Nikaanza kufungua bolti za hedi. Shemeji yangu marehemu alikuwa mtu wa nguvu, na katika miaka ile ya uhaba, vipuri vikitafutwa kama dawa, alizikaza kwa kuchomeka bomba kwenye spana ili zisilegee kamwe. Tatu zilikubali. Ya nne ililia kidogo, ikalainika mkononi, na nikajua. Kichwa kilibaki kwenye spana. Kiwiliwili kilibaki ndani ya bloku, kimekatika chini kidogo ya uso wa chuma, hakuna pa kukamata.

Wakati huo ndipo akapita kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye angeongoza kikao cha ukoo. Kwetu mashemeji hutaniana, na yeye hakukosa nafasi.

"Shemeji, Wazungu wamekuweka miaka yote hiyo wakikufundisha kuvunja bolti?"

"Kuvunja nilijua tangu hapa. Kule nilifundishwa kuitoa."

"Acha kujisumbua. Chuma hicho sisi tumeshakizika pamoja na mwenyewe. Mwachie dada yako, atafungia mbuzi."

Tukacheka wote, dada akiwemo. Alipoondoka nilivua shati. Nilitaka arudi akute chuma chake kinanguruma.

Kazi ile naweza kuisimulia mbele ya mhandisi yeyote bila haya. Nilichanganya mafuta ya taa na dizeli, nikayaacha yazame kwenye uzi wa bolti usiku kucha. Asubuhi nilipasha nondo kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa nyekundu, nikaigusisha kwenye kisiki cha bolti, nikaacha kipoe, nikarudia, ili kutu iachie. Umeme hatukuwa nao, hivyo nilitoboa kwa keke ya mkono, katikati kabisa, kwa sababu ukipinda kidogo tu unakula uzi wa bloku na injini imekwisha. Dada alinimulikia kwa kioo chake cha kujitazamia, akirudisha jua ndani ya tundu. Kisha nikagongelea mkia wa tupa wa pembe nne ndani ya tundu lile, nikaushika kwa spana na kuuzungusha polepole.

"Inakuja?" dada aliuliza.

"Usiniongeleshe."

Ilikuja. Ilitoka nzima na uzi wake, nyeusi kama jino bovu, na dada akaipokea kwenye kanga. Bolti nyingine niliitoa kwenye lori bovu kule Kahama. Gasketi ilikuwa ya shaba. Niliichoma upya na kuizimisha majini ikawa laini. Nilipozungusha hendeli, injini ilikohoa, ikashika. Watu walitoka mashambani wakaja na ndoo zao za mahindi wakikimbia.

Siku ya kumaliza msiba ukoo mzima ulikula ugali wa unga wa mashine ile, na wakausifu. Kisha wakakaa. Kaka mkubwa alinigeukia mimi kwanza.

"Shemeji, wabeja, asante sana. Tulidhani marehemu ametuachia chuma, kumbe ametuachia mashine. Itakwenda Kagongwa kwa mdogo wetu. Kule watu ni wengi."

"Na mimi?" dada aliuliza.

"Wewe una nyumba na shamba. Hakuna atakayekugusa."

"Aliyekuwa anasaga nayo ni mimi."

"Ndiyo maana tunakuheshimu, shemeji. Lakini ilipokuwa mbovu hakuna aliyeitaka. Sasa ni mali, na mali ya kaka yetu haiwezi kubaki bila sisi."

Nilisimama kusema. Niliwaeleza kazi niliyoifanya, na diploma yangu nikaitaja. Walinisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akasema, "Tungekuwa kwenye utani tungekuachia useme mpaka jioni. Haya ni ya ukoo." Nikakaa.

Nimeirudia kazi ile kichwani hatua kwa hatua nikitafuta mahali nilipokosea kiufundi, na sipaoni. Afadhali ningepaona. Fundi mbaya kuliko mimi angeipindisha keke, angeharibu bloku, na dada angebaki na chuma chake. Baadaye, mambo yakishatulia, ningekuja kumwekea bloku nyingine bila kikao.

Mkokoteni wa ng'ombe ulipofika, vijana wa ukoo walianza kuzipiga kwa nyundo bolti zilizoishika injini kwenye msingi wake. Dada alinishika mkono.

"Wafungulie wewe. Wasije wakaivunja."

Nilifungua. Wakaipakia, wakaondoka nayo taratibu kuelekea Kagongwa. Dada aliingia bandani na ufagio, akakusanya unga uliobaki sakafuni, akaupepeta kwenye ungo kutoa mchanga. Ulitosha mlo mmoja. Akauliza kama nitakula kabla sijaondoka.