Jiko la Pelagia Dzubak na Mlo wa Mkesha

Pelagia binti Harasim Fedorchak, mke wa Seman Dzubak, mwenye nyumba ya mwisho pale Lattner, chini ya lundo la taka za mgodi: huyo ndiye aliyeokota makaa utotoni mbele ya pua za walinzi, asikamatwe hata siku moja. Ndiye aliyekaa relini na wanawake wenzake wakati wa mgomo, ufagio mkononi, mpaka garimoshi la wasaliti likarudi lilikotoka. Ndiye aliyezika watoto kwa kifaduro, na kesho yake akakanda unga wa mkate, maana waliobaki walikuwa na njaa. Na katika Pennsylvania yetu yote ya makaa ya mawe, hatujasikia mwanamke aliyelijua jiko kama yeye. Moto wake uliwashwa baridi ya kwanza ilipouma, ukazimwa Pasaka. Hapo katikati haukufa.

Kulilisha jiko la makaa si kutupia kuni. Kuni hushika moto papo hapo. Makaa ya mawe, hasa yale ya chenga tunayochoma sisi wanyonge, hulala kwanza, yakatoa gesi, ndipo yashike. Ukiyamwaga yakafunika wekundu wote, gesi hiyo hujaa tumboni mwa jiko bila wa kuichoma. Inangoja cheche tu. Ndiyo maana unavutia mekundu upande mmoja, unamwaga mapya upande wa pili, na kona moja unaiacha wazi, nyekundu kabisa. Gesi ikitoka inaungulia pale pale, na ndimi za buluu zinaanza kucheza juu ya makaa. Wanawake wa Lattner huziita mabibi arusi. Mabibi arusi wakicheza, ndipo unafunga mlango na kukaza kibati cha ndani ya bomba la moshi, kile kinachopunguza mvuto wa hewa. Wasipocheza, unasimama pale pale mpaka wacheze.

Hayo Pelagia aliyajua kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe.

Mwaka ninaousimulia, Seman hakuwa tena mtu wa kupanda ngazi. Vumbi la mgodi lilikuwa limemganda kifuani, na kila pumzi aliivuta kama anayevuta ndoo kisimani. Kitanda chake kilishushwa jikoni, hatua chache kutoka kwenye jiko. Daktari alimwambia Pelagia mbele ya binti yao, Tekla, "Huyu mzee anaishi kwa mambo mawili. Joto lisikatike, na moshi usimguse. Kifua hiki hakina nafasi ya moshi tena."

"Hilo ni juu yangu," akajibu Pelagia.

Tekla alikuwa mwanamke mzima, mshonaji kiwandani, asiye na mume. Kiwanda kilikuwa kinakaribia kufungwa, na shoga zake walishahamia New Jersey, wakimwita awafuate. Kila wiki alirudia wimbo ule ule.

"Mama, tuweke jiko la mafuta. Unabonyeza kitufe, basi."

"Nami nitabonyeza nini, kitovu changu? Baba yako kayachimba makaa hadi yamemkaa kifuani, leo tumpashe moto kwa mafuta ya watu?"

"Mwache mwenzio aseme, Pelka," Seman alidakia kutoka kitandani, akihema, akimwita mkewe kwa jina lake la nyumbani. "Hata mimi nimeshayachoka makaa. Yenyewe ndiyo hayanichoki."

Wakacheka wote watatu, yakaisha.

Ila lilikuwepo jambo ambalo Pelagia hakumwambia mtu. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Alianza kwa kuona dunia ina rangi ya chai. Kisha ile buluu ikapotea kabisa. Bluzi ya Tekla ya kanisani aliiona ya kijivu, na mabibi arusi hakuwaona tena. Alifungua mlango wa jiko akaona doa moja la manjano, limetandaa kama yai lililopasuka, asijue wekundu unaishia wapi na makaa mapya yanaanzia wapi. Akawa analilisha jiko kwa masikio na kwa joto la kiganja. Mwezi wa kumi na moja kifuniko cha juu cha jiko kiliruka kikatua kwa kishindo, na majivu yakamwagika sakafuni. Tekla akaja mbio.

"Nini hicho?"

"Upepo umerudi kwenye dohani."

"Upepo gani, na nje kumetulia hivi?"

"Wewe unajua dohani kunishinda mimi? Lete ufagio."

Angesema neno moja tu siku ile, Tekla angeshika sepetu. Lakini mwanamke aliyerudisha garimoshi nyuma, amwambie binti yake kwamba haoni moto wa nyumbani kwake? Hakusema.

Ukafika mkesha wa Krismasi yetu, ule wa Januari kwa kalenda ya kale ya kanisa letu. Nyasi kavu zilitandazwa chini ya kitambaa cha meza. Kiti kimoja kiliachwa kitupu kwa ajili ya marehemu. Supu ya uyoga yenye uchachu, kitunguu saumu na asali, maharage, vidonge vya mkate na mbegu za mpopi, vyote tayari. Nasi tuna mwiko wetu: nyota ya kwanza ikishaonekana na watu wakakaa, hakuna kuinuka mezani mpaka mlo uishe. Anayeinuka hataketi hapo mwakani. Wengine humruhusu mama mwenye nyumba ainuke. Kwa akina Fedorchak, kwao Pelagia, hata yeye haruhusiwi. Vyakula vyote huwekwa mezani, na jiko hulishwa kabla.

Kwa hiyo Pelagia alilishibisha jiko. Siku za kawaida alililisha kidogo kidogo. Siku hiyo alimwaga sepetu baada ya sepetu, kwa hofu lisije likalala katikati ya mlo mzee akapata baridi. Alifikiri ameacha kona ya nyuma wazi. Aliliona lile doa lake la manjano, akaridhika. Lilikuwa mng'ao wa taa ya mezani juu ya chuma. Chenga zilikuwa zimeteleza zikafunika kila kitu.

"Kristo anazaliwa!" akasema Seman, akiegemezwa kwa mito kwenye kiti chake.

"Msifuni!" wakaitikia.

Wakala supu. Wakala maharage. Tekla akaanza kujikunyata.

"Mama, jiko limenyamaza."

"Linasaga chakula chake. Nawe saga chako."

"Ninasikia harufu."

"Kitunguu saumu hicho."

Seman akakohoa. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. "Pelka," akasema, "miguu imepoa. Jiko lako limekwenda kanisani bila sisi."

Tekla akasukuma kiti nyuma. Pelagia akamshika mkono.

"Kaa! Unataka tukuzike?"

"Baba anaganda, Mama!"

"Nimesema kaa. Kama ni wa kuinuka, niinuke mimi. Nimeshakula Krismasi za kutosha."

Akainuka. Seman alinyoosha mkono amvute gauni, hakumfikia.

Mwenye macho angefungua kibati cha bomba kwanza, gesi ipande zake dohani. Kisha angeufungua mlango upenyo mdogo, akasubiri, asichokoe kitu mpaka aone wekundu. Pelagia alikifungua kibati, hilo hakulisahau. Akaufungua mlango upenyo, akasubiri, akachungulia. Kutoka mezani Tekla aliona vizuri.

"Mama, humo mna giza tupu! Hakuna hata kaa moja jekundu. Funga!"

"Lipo nyuma. Naliona."

"Hakuna kitu!"

"Naliona, nimekwambia!"

Kwa hasira akachukua chuma cha kuchokolea, akakizamisha hadi chini, akainua. Kaa moja jekundu likapanda na ncha ya chuma.

Jiko lilinguruma kama mgodi ulioporomoka. Mlango ulimpiga Pelagia kifuani ukamwangusha. Bomba la moshi lilichomoka ukutani, likaanguka vipande vipande, na masizi ya majira yote ya baridi yakamwagika juu ya meza, juu ya supu, juu ya kiti cha marehemu. Moshi ukajaa hadi darini. Tekla alivunja kioo cha dirisha kwa chungu cha maharage, akamburuta baba yake hadi barazani, kwenye theluji, Pelagia akitambaa nyuma yao. Seman alikuwa mweusi uso mzima, kama alivyokuwa akirudi nyumbani jioni enzi za zamu, meno tu ndiyo meupe. Alikuwa anajaribu kusema jambo. Hewa haikutosha.

Majirani walirudishia bomba usiku ule ule, wakaziba dirisha kwa ubao. Tekla akawasha moto upya. Daktari alikuja, akasikiliza kifua cha Seman, akavikunja vifaa vyake polepole.

"Hospitali?" Tekla akauliza.

"Hospitali itamhamisha tu kitanda. Mwacheni kwake. Joto lisikatike, asiteseke zaidi."

"Siku ngapi?"

Daktari akavaa kofia yake.

Pelagia alikaa kando ya kitanda, nyusi zimeungua, kiganja kimefungwa kitambaa. Seman hakumtazama wala hakumkwepa. Macho yake yalikuwa kwenye kazi ya kupumua. Tekla alisimama na sepetu mkononi, hajui aanzie wapi.

"Ulikuwa unaona, Mama? Niambie ukweli leo."

"Sikuona."

"Tangu lini?"

"Tangu majani yadondoke."

"Na ulinyamaza! Baba yuko hapa, hatua tatu tu, na wewe ukanyamaza!"

"Nipige kama utapata nafuu."

Tekla hakumpiga. Alikaa sakafuni akalia, masizi yakamchora mashavuni. Alipomaliza, moto ulikuwa umeanza kushuka, na Pelagia aliusikia.

"Simama," akasema. "Vuta mekundu mbele. Mwaga nyuma, kidogo. Kona ya kulia usiiguse. Unaona nini?"

"Buluu."

"Wangapi?"

"Wadogo. Wanacheza."

"Funga mlango. Kibati nusu." Akasubiri mpaka asikie mlango umebana. "Basi sikiliza, Tekla. Kuanzia sasa jiko ni lako. New Jersey itangoja. Utalilisha hivyo hivyo usiku na mchana, usilale mpaka uwaone hao, mpaka siku baba yako atakapokata roho. Siku hiyo usiongeze hata chenga moja. Liache lizime, uzoe majivu, usiliwashe tena, uende zako."

"Na wewe je? Utakaa na baridi?"

"Wewe lilishe," akasema Pelagia, akamvutia Seman shuka hadi shingoni.