Tonny na Kantri Isiyoguswa

Tonny, Mkikuyu wa Ol Kalou, hakuwa mtu wa kubishana naye kuhusu muziki wa kantri. Siku sita kwa wiki alikuwa bawabu wa hoteli moja pale Al Jaddaf, mtaa wa Uarabuni, kazi yake kufungulia watu mlango. Ijumaa mchana alipanda jukwaani hapo hapo hotelini na gita, akawaimbia Wamarekani waliokuja kula nyama choma. Ijumaa hiyo moja ndiyo iliyomfanya azivumilie zile sita.

Ubaya wake ni mdomo. Akiombwa wimbo mpya, anaweka gita chini na kuanza kuhutubu: fidla ilitoka Ulaya, banjo ikaja na Waafrika waliouzwa utumwani, vikakutana kwa maskini wa milimani huko Marekani, kantri ikazaliwa. "Hizo zenu za sasa ni disko iliyovaa kofia!" Jamani, Mkikuyu anamfundisha Mmarekani mambo ya kwao! Nyama zilipoa mezani, na wageni wakalalamika.

Meneja, Mlebanoni asiye na subira, akamwita. "Tonny, leo ukihutubu tena, khalas, basi. Unarudi mlangoni siku zote saba."

"Sawa, sir," Tonny akajibu, akapanda jukwaani na gita lake.

Wimbo wa kwanza haujaisha, mhandisi mmoja mzee kutoka Texas akapaza sauti, "Tupe kipya!" Tonny akafungua mdomo ahutubu, akamwona meneja amekunja mikono. Hofu ikamfuta kichwa, nyimbo zote za Kizungu zikamtoka. Uliobaki ni mmoja tu, ule wa Kikuyu aliouimba marehemu baba yake akikamua ng'ombe. Akauimba huo.

Watu wakaanza kugonga miguu sakafuni. Meneja akakunjua mikono. Yule mzee akasogea jukwaani, macho yamelowa.

"Mama yangu aliniimbia huu, sauti ni hii hii! Wake ulikuwa na farasi, na msichana aliyekimbilia California. Wako unasemaje?"

Tonny akaanza kutafsiri, akasita. Kwenye wake, farasi alikuwa punda. Msichana alikimbilia Naivasha. Na katikati walipita mbuzi wawili ambao Marekani hakuna aliyewahi kuwasikia. Miaka yote hiyo aliamini ndivyo ulivyoimbwa tangu zamani.

"Lazima Baba aliusikia redioni, akaubadilisha, sir," akasema kwa aibu.

"Kumbe naye aliiharibu kantri, kama sisi?" mzee akamtania, maana hotuba zake alishazisikia.

Tonny akaitafuta hotuba yake, asiione.

"Hapana, sir. Aliileta nyumbani." Akakaza uzi mmoja wa gita, akakohoa. "Haya, huo mpya wenu unaanzaje?"