Kisanduku Kilichorudi kutoka Alimbongo

Tarehe kumi na mbili Agosti 2003, Jumanne, Butembo iliamka ndani ya ukungu. Mvua ilipiga mabati tangu alfajiri, kisha ikachoka, ikabaki baridi tu. Kahongya alifungua karakana ya parokia, akawasha makaa, akatia chuma chake cha kulehemu motoni. Umeme ulikuwa wa wenye jenereta.

Karakana ilikuwa ya mtaa mzima: seremala upande mmoja, fundi baiskeli upande wa pili, naye Kahongya na redio zake pembeni. Redio hizo zilijulikana hadi Beni, kwenye mitaa ya Bungulu na Beu. Zilikuwa mpya, lakini ukiziona ungeapa zimetoka sebuleni kwa babu, zama za Wabelgiji: sanduku la mbao lililofifia, kioo cha njano chenye majina ya miji ya mbali, kipande cha kitambaa cha kikwembe mbele ya spika. Hakuzifanya hivyo kwa urembo. Askari akiingia nyumbani hubeba redio inayong'aa. Sanduku la babu hulipiga teke akapita. Hata vifungo viwili vya mbele vilikuwa vya bure, ungevizungusha hadi kesho. Swichi yenyewe ilifichwa chini, na mahali pake aliambiwa mwenye redio peke yake.

Ya kwanza kabisa alimtengenezea mke wake, Florentine. Mwezi wa tano Florentine aliibeba kwenda Alimbongo kumuuguza mama yake. Mwezi wa sita mapigano yakafika huko, watu wakatawanyika, na tangu hapo hapakuwa na neno. Kila Jumapili Kahongya alipeleka tangazo kwenye redio ya mjini: Florentine, nyumbani ni salama, tunakungoja. Aliandika "tunakungoja", ingawa nyumbani alikuwa mtu mmoja na sufuria moja.

Adhuhuri hiyo aliingia Maulidi, dereva wa lori kutoka Beni, mteja wake wa siku nyingi. Alikuwa na kitu ndani ya gunia.

"Fundi, wewe unavalishaka bintu bipya manguo ya marehemu," alisema akicheka. "Angalia, nimekamata kimoja chako ku soko, pembeni ya Alimbongo."

Aliingiza kidole chini, redio ikawaka, naye akakimbilia lori lake lililokuwa likipakuliwa. Kahongya alikuwa akitazama pembe ya sanduku, pale chuma chake kilipoteleza siku ile Florentine alipomchekesha, kikaacha alama ya moto.

Jioni Josaphat, kaka yake Florentine, alipita kama kawaida yake, akalikuta sanduku mezani. Alilitambua kuwa la dada yake. Kisha akasema kwa upole kwamba ukoo umengoja vya kutosha. Maiti isipopatikana, huzikwa kitu badala yake, na kitu kimejileta chenyewe. Jumamosi wangelizika sanduku hilo na kufanya matanga, ili dada yake apumzike, na shemeji yake pia.

"Vitu vya marehemu vinarudiaka ku nyumba, shemeji. Utangoja mupaka lini?"

Kahongya alikuwa amechoka. Alikaribia kuitikia. Mkono wake ulikwenda chini ya sanduku kuizima redio, na hapo ukasimama. Maulidi aliijuaje swichi? Ya kila redio aliiweka mahali tofauti, na ya hii walijua watu wawili tu.

Yeye na Josaphat walimkuta Maulidi kwenye maegesho ya malori, akila maharage. Alipoelezwa sanduku ni la nani, alisukuma sahani kando.

"Ni ule mama muzee wa soko aliniambia. Kisha bunduki kunyamaza, muke mumoja alimuachia iyi redio juu ya kupata unga. Alikuwa amebeba mama yake mugonjwa ku mugongo. Akamuonyesha pa kuwashia, akasema: nitarudia kuikomboa. Akashika njia ya pori. Muzee alingoja, lakini chumvi ilimuishia, akaniuzishia."

Josaphat alifunika uso kwa kofia yake. Baadaye alisema basi, matanga hapana. Lakini sanduku libaki, angalau nyumba iwe na kitu chake. Kahongya naye alilitamani hivyo hivyo. Usiku alilala nalo karibu na kichwa, bila kuliwasha.

Asubuhi alitia betri mpya na kufunga pakiti ya chumvi kwa kamba juu ya sanduku. Alilipeleka mwenyewe hadi kwenye lori, lililokuwa likirudi njia ya Alimbongo, akamwambia Maulidi alirudishe mkononi mwa yule bibi, lisiuzwe tena, maana mwenye sanduku atakuja kulikomboa. Kisha alirudi karakana, akawasha makaa.