Neno la Mama Kule Musoma

Safari ya Musoma ilikuwa zawadi ya kisomo cha watu wazima. Wanawake kumi na wawili wa kijiji chetu, huku Tarime, walikuwa wamefaulu mtihani wa kusoma na kuandika, uongozi wa kijiji ukaazima lori la ushirika, na mimi, binti niliyemaliza darasa la saba nikafanywa mwalimu wao, nikaambiwa niwapeleke wakaone mji. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa mama yangu mzazi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na maringo ya mkuu wa wilaya. Nilivaa viatu vya kuazima vilivyonibana, nikakumbatia daftari la mahudhurio ambalo siku hiyo halikuwa na kazi yoyote. Kabla ya kuondoka niliwaonya wote wasije wakaniaibisha mjini.

Mama alikuwa na safari yake ndani ya safari yetu, nami niliijua vizuri. Baba yake alikamatwa enzi za Mwingereza kwa kesi ya ng'ombe, akapelekwa jela Musoma, akafia huko. Wakati huo mama alikuwa mtoto wa mgongoni. Bibi, kabla hajafa, alimwagiza kwamba akibahatika kufika Musoma aulize baba yake alizikwa wapi, achote udongo japo kiganja kimoja, aulete nyumbani. Tangu hapo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekuwa amefika Musoma. Mama ndiye angekuwa wa kwanza.

Tulivuka Mto Mara kwa kivuko pale Kirumi, jua likiwa halijapanda sana, na kabla ya saa tano tulikuwa mjini. Wanawake wangu walitembea wameshikana mikono. Waliangalia nyumba za Wahindi zenye vibaraza virefu, waliangalia maduka ambayo rafu zake zilikuwa na sabuni za kuhesabika, wakaliangalia ziwa. Mimi niliwaeleza nisiyoyajua. Jengo hili alilijenga Mjerumani, lile Mwingereza, pale walikuwa wakicheza dansi. Nilibuni tu, na walivyonisikiliza kwa heshima ndivyo kichwa kilivyozidi kunivimba.

Mwisho tukafika kwenye boma la zamani, jengo la kuta nene ambalo sasa lilikuwa ofisi za serikali. Mhudumu wake alikuwa mzee wa baraghashia, mtu wa asili ya pwani, mwenye Kiswahili kinachoteleza. Alitutembeza bila haraka, akatuonyesha milango ya chuma na vyumba vyenye madirisha madogo ya juu walimokuwa wakifungiwa mahabusu. Akasema yeye alianza kazi pale akiwa kijana, tangu wakati wa Mwingereza. Nilimwona mama akiacha kutembea.

Alimsogelea yule mzee, akapiga goti kidogo, akamwamkia. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani, "Shikamoo tena baba. Naomba unionyeshe mahari ya baba yangu."

Lugha yetu ya Kikurya haina l. Mama alitaka kusema mahali. Nilikuwa nimemfundisha neno hilo ubaoni wiki nzima, na kuliandika aliliandika sawasawa, ila ulimi ndio uliogoma.

Mzee alikunja uso, halafu akatabasamu. "Mahari ya baba yako? Kwani baba yako anaolewa, mama?"

Makarani wawili waliokuwa mlangoni waliangua kicheko. Wanawake wenzake wakacheka pia, ingawa sidhani wote walielewa. Nami nilicheka. Sina namna ya kulipamba jambo hili: nilicheka kwa sauti huku nikiwatazama wale makarani, ili wajue kwamba mimi si wa kundi lile.

Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alipoona mama ameinamisha kichwa, aliacha kucheka, akanigeukia, akaniuliza kwa upole mama huyu anataka nini hasa. Neno moja lingetosha. Nilimjibu kwamba Kiswahili bado kinampiga chenga, asijali, sisi tunashukuru na tunaondoka. Sikumwambia hata kwamba ni mama yangu.

Tulikunywa chai na mkate karibu na ziwa. Mama hakugusa chake. Nilijiambia kwamba wakimaliza kula nitarudi peke yangu kwa yule mzee nimuulize, na viatu vikinibana nikaahirisha, nikaahirisha tena, mpaka dereva akapiga honi kwamba tutachelewa kivuko.

Pale Kirumi tulishuka kusubiri zamu yetu. Mama alisimama karibu na maji, peke yake. Nilimfuata, nikamwambia kwa Kikurya asihuzunike, mwakani tutakuja tena na nitauliza mwenyewe. Uongo huo nao niliubuni papo hapo. Lori la kutupeleka tena halikupatikana, na mama alikufa bila kurudi Musoma.

"Wale hawakujua ninasema nini," alinijibu kwa lugha yetu, taratibu, bila hasira. "Wewe ulijua."

Kisha akapanda nyuma ya lori pamoja na wenzake, akanionyesha kwa mkono kiti cha mbele, kwa dereva, nikakae huko.