Bibi Wawili Ndani ya Kamera

Mkoba wa ngozi wa kamera ya mjomba bado unanukia moshi wa jikoni kwa bibi. Nikiufungua tu, nipo uani kwake, buni nyekundu zimeanikwa mkekani. Filamu ya rangi ilikuwa imebakiza picha moja. Bibi akasimama mbele ya kamera, na mjomba akaniruhusu kuchungulia.

"Bibi wako wawili!"

"Bado haijalenga vizuri," mjomba akasema. "Zungusha lenzi hapo mbele mpaka wawe mmoja."

"Mwache mtoto, mwanangu," bibi akamwambia mjomba. Alizaliwa pacha, na mwenzake alifariki wakiwa wasichana. "Tupige hivyo hivyo."

"Itatoka na ukungu, mama."

"Piga."

Picha iliporudi kutoka kusafishwa, ilikuwa wekundu wa buni, kijani cha migomba, na uso usiojulikana ni wa nani. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi.

"Ndivyo tulivyokuwa. Hata mama alikuwa anatuchanganya."